Mbao kwa Kheiria, Shaba kwa Kawthar

Jua la asubuhi limeshaanza kuuma uani kwa Bi Kheiria, katika mtaa wa nyuma ya soko, Sib, lakini mwenyewe hana habari nalo. Ameinamia jiliwa, tupa mkononi, anasugua kipande cha shaba kama anayesugua sufuria ya mtu aliyemuudhi.

"Leo ama zangu ama zake," anasema bila kuinua macho.

Anayesemwa ni Bi Kawthar, mke mwenzake, anayekaa Ansab. Mume wao, fundi Loai, alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu watoke eda, wake hao wawili hawajatiliana mguu.

Kazi aliyowaachia si ya kawaida. Wawindaji na wapiga shabaha wenye vibali hawatupi maganda ya risasi za marisau yakishalia. Huyaokota wakayajaza upya nyumbani. Kwa hilo wanahitaji vifaa viwili vya mkono: kishindilio cha mbao cha kukandamizia vilivyomo ndani, na kikunjio cha shaba cha kufungia mdomo wa ganda.

"Baruti haivuki mlango huu," Bi Kheiria anaonya. "Mie nauza mbao. Mtu akija na baruti yake namwonyesha lango alilopitia."

Marehemu alimfundisha mke mkubwa kukereza kishindilio, na mke mdogo kutengeneza kikunjio. Hakuna aliyefundishwa vyote viwili. Mteja anayetaka seti hana budi aende Sib, kisha aende Ansab.

"Mie kanipa mbao, yeye kampa shaba," anasema, na tupa inasimama. "Hebu fikiri mwenzangu. Mbao! Na mtu akiishika seti anasifu kipi? Kinachong'aa."

Juma lililopita mteja wao wa zamani, Bwana Hakim wa Yiti, alikuja na neno. Yeye na wenzake wamechoka kuzunguka na magari. Wanataka seti kamili kutoka nyumba moja. Mjane atakayetangulia kuitoa ndiye watakayenunua kwake siku zote. Akamwachia Bi Kheiria kikunjio chake kikuukuu awe na mfano.

"Na kule Ansab nimeacha kishindilio," akaongeza, kwa uaminifu ambao Bi Kheiria hakumshukuru.

Kwake si mzaha. Seti moja ni riali kumi na mbili, nusu yake ndiyo inayomlipia umeme na dawa ya sukari. Wateja wakihamia Ansab, mashine ya kukerezea aliyoacha marehemu itafunikwa shuka.

Kikunjio cha Hakim hakukishika kwa mkono mtupu. Alikifunga kitambaa, akakibana kwenye jiliwa, akakisoma kwa macho tu.

"Mama, kinauma?" aliuliza Restituta, mwanamke wa Bukoba anayemsaidia kazi za nyumbani.

"Kitu alichokishika yule, na mie nikishike? Astaghfirullah."

Kukisoma kwa macho kulimpa furaha moja. Mahali pa kukalia dole gumba pamechimbwa upande wa kushoto. "Tazama maajabu! Ulimwengu mzima unashika kwa kulia, yeye kachimba kushoto. Na huyo ndiye aliyepewa shaba!"

Bi Kheiria mwenyewe ni shoto, lakini marehemu alimzoesha kuwa mkono wa mteja ni wa kulia. Basi kwenye kikunjio chake akalihamisha shimo la dole.

Sasa anachukua ganda tupu, analipachika, anakandamiza na kuzungusha. Mdomo unakunjika vizuri. Anatabasamu. Kisha, taratibu, mbele ya macho yake, unafunguka tena kama ua lililokanyagwa. Anajaribu la pili. Nalo vile vile.

"Mama, si twende tu tukamuulize?" anasema Restituta.

"Nani? Mie? Niende Ansab?"

"Basi tukae hapa tuangalie maua."

Bi Kheiria anamkata jicho. Anatazama mashine ya mumewe, anatazama ganda lililopanuka mdomo. Kisha anaitisha buibui.

Bi Kawthar anafungua mlango akiwa na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

"Karibu, mkubwa. Umekuja kuniangalia nnavyoshindwa?"

Haongopi. Mezani kwake vimelala vishindilio vitatu, vyote vimepasuka kutoka juu mpaka chini. Bi Kheiria anakinusa kimoja, na uso unamchanua.

"Mbao mbichi hii! Umekata mkunazi wa uani kwako ukaukereza siku ile ile? Mkunazi huwekwa kivulini mwaka mzima, bibiye. Hujaambiwa?"

"Aniambie nani? Aliyekuwa akijua kakwambia wewe."

Restituta anajifanya kusoma kalenda ukutani. Bi Kawthar anatoka, anarudi na kitu kilichofungwa kwenye leso. Ni kikunjio cha kwanza kabisa, alichokifanya marehemu kwa mkono wake, ambacho vingine vyote vimefanywa kwa kukiiga.

"Kishike."

"Sina haja."

"Kishike, mwanamke, hakina upele!"

Bi Kheiria anakipokea kwa mkono wa kushoto, kama anavyopokea kila kitu. Dole gumba linateleza lenyewe mpaka shimoni na kutulia, kana kwamba limezaliwa humo.

"Mie natumia kulia," anasema Bi Kawthar. "Marehemu akitumia kulia. Shoto alikuwa nani? Alikutengenezea wewe, mie sijaolewa bado. Siku alipokutajia jina langu ukamfungia mlango wa karakana. Akaja nacho huku."

"Na hukukibadilisha?"

"Nilimwomba. Akasema mikunjo ya ndani inafuata dole. Ukilihamisha shimo, ganda linafunguka. Miaka yote hii, Kheiria, nachonga mkono wako. Kila kimoja. Unajua inavyochoma?"

"Na mie nikidhani kakupa dhahabu."

"Kanipa shaba. Nayo haikuwa yangu."

Bi Kheiria sasa amerudi uani kwake, Sib, na anataka lieleweke jambo moja: hawajawa marafiki. "Wivu uko pale pale," anasema. "Zamani nikimwonea kwa shaba yake. Leo namwonea kwa kukaa na kitu changu miaka yote hiyo, akikipangusa kwa leso yake."

Lakini seti ipo. Wamekubaliana kila mmoja abaki na kazi yake, na sanduku la seti zilizokamilika likae kwa zamu, wiki Sib, wiki Ansab. Mteja atafika nyumba moja tu.

Bwana Hakim alipopigiwa simu alicheka mpaka akakohoa. "Zamu! Kama mlivyogawana mume?"

"Kama tulivyogawana," Bi Kawthar alimjibu. "Ila sanduku halitasema linakwenda msikitini halafu likaonekana Sib."

Zamu ianzie wapi, hilo limegharimu simu mbili na kukatiana mara moja. Inaanzia Sib. "Mkubwa ndiye anayeanza," anasema Bi Kheiria, na hapo hapana mjadala.

Kwenye jiliwa, mahali palipokuwa na shaba, pamebanwa kipande cha mkunazi kilichokauka vizuri. Ni kishindilio kisichouzwa, chenye mshiko wa mkono wa kulia. Vipimo amevichukua kwa uzi, akimzungushia mwenzake kidole kimoja kimoja, wote wawili wakitazama dirishani.

"Vidole vifupi," anasema. Anapuliza vumbi, anapitisha msasa tena. "Lakini mkono mzuri. Alikuwa na macho yule mwanamume."

Akikimaliza atakipeleka Ansab mwenyewe, hatamtuma Restituta. Naye anatarajia malipo yake: kikunjio kipya cha shoto, kilichofanywa kwa ajili yake, na safari hii yeye akijua.

"Nimeshamwambia mapema," anasema, na macho yanamng'aa. "Changu king'ae kuliko vyote alivyowahi kufanya. Akikileta kimefifia, nakirudisha."