Pikipiki ya Salesio Imerudi

Salesio, mume wangu, ni mtu wa kuchosha. Alianza kazi ya kutibu ng'ombe hapa Nkubu miaka ya sabini, akanunua pikipiki kubwa ya kutamba: kiti cha chini, usukani uliopanda juu kama pembe, mlio wa kuamsha parokia nzima. Hiyo ndiyo iliyomleta kwetu Siakago kunichumbia. Nilipanda nyuma na sikutaka kushuka.

Kiogora, kifungua mimba wetu, alipoingia sekondari tuliiuza. Salesio akaniapia kwamba siku atakayopata nyingine kama ile, safari ya kwanza ni Siakago, mimi nyuma. Kuahidi ni rahisi. Kampuni ilikuwa imeacha kuziunda.

Basi si majuzi wakazifufua? Umbo lile lile, mlio ule ule. Salesio amestaafu, magoti yamechoka, lakini alinitesa na habari hizo asubuhi na jioni mpaka nikamwambia auze fahali aninunulie amani. Ilipofika nilishona rinda. Msinicheke.

Kesho yake akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea bila kuniuliza. Hapa kwetu pikipiki ikikosa keria, watu hudhani mwenyewe amekosa akili. Lazima ibebe ndizi, mabati, hata mbuzi. Kwa hiyo kile kiti kipana cha nyuma kiling'olewa, pakachomelewa vyuma vya kubebea mtungi wa maziwa. Na alirudi akitabasamu. Nikamuuliza mimi nitakaa wapi.

"Mama Kiogora," akasema, "mimi nilidhani mambo ya pikipiki uliacha zamani. Si sisi ni wazee?"

Wazee! Na yeye amevaa miwani ya jua. Nilikasirika, na zaidi ya hasira niliumia, kwa sababu hakuwa ananitania. Alikuwa amesahau kabisa.

Nikashusha mtungi, nikakunja gunia tupu la maharagwe, nikalitandika juu ya vyuma, nikaketi na rinda langu jipya, nikamwambia tunaenda Siakago. Akaanza kunieleza umbali, mvua, mgongo wangu. Mwishowe akawasha.

Tulipofika Igoji hakuna mfupa uliokuwa haulalamiki. Akapunguza mwendo, akauliza polepole kama ninaumia, na kama turudi.

"Naumia, Baba Kiogora," nikamwambia, nikamshika kiuno. "Endesha."