Lita Moja, Kilomita Ishirini

Leo gari limeniishia mafuta mlimani, huku mke wangu akiwa na uchungu wa kujifungua kiti cha nyuma.

Msicheke kwanza.

Karatasi ya gari, ya kiwandani, inasema lita moja kilomita ishirini. Nikaiamini. Nikavipita vituo vya mafuta Njombe bila kusimama, nikijua nitajaza Makambako, halafu moja kwa moja hospitali Ilembula.

Ila mama mkwe haendi hospitali mikono mitupu. Alipakia magunia mawili ya viazi, kuni za kumpikia mzazi, na juu ya hayo akaja na dada yake.

Nikawasha gari. Mkwe unamwambiaje?

Kila mlima gia namba mbili. Taa ya mafuta ikawaka. Halafu kimya.

Mke wangu akanikamata shati. "Baba Neema, usiniambie."

Nikashuka kusimamisha magari.

Nusu saa nzima! Mpaka mfanyabiashara mmoja wa Makambako akasimama, akatumiminia kidumu cha petroli.

Tumewahi. Mtoto wa kike, wazima wote.

Sasa hivi nimemsomea mama mkwe ile karatasi, nina hasira: walipima na dereva peke yake, barabara tambarare, bila mzigo.

Nisaidieni cha kumjibu, maana kaniangalia kwa huruma, akasema:

"Baba, huyo dereva wao alikuwa haendi kwa mtu."