Bi Brolin na Dosenti Waweka Vyeo Kando

Marehemu Sixten Ekeblom, Bwana amlaze pema, alikuwa mtu wa nafasi ya pili. Alizaliwa wa pili kwao, na mara mbili alipoomba kiti cha uprofesa wa fasihi pale Chuo Kikuu cha Uppsala, waamuzi walimweka wa pili. Katika moja ya mara hizo waombaji walikuwa wawili tu. Mara ya tatu aliomba peke yake. Watu wakampa mkono wa pongezi mapema, kisha wakubwa wa chuo wakaamua kukifuta kiti chenyewe ili kubana matumizi.

"Mara mbili nimeshindwa na watu," alisema siku hiyo akivua koti. "Leo nimeshindwa na fanicha."

Aliyeambiwa maneno hayo ni Alfhild Brolin, ambaye barua zote tatu za maombi alizipiga chapa yeye. Alfhild alikuwa binti wa seremala, amesoma hadi sekondari, mwepesi wa vidole kwenye taipureta na mzito wa kuacha ibada. Alipokuwa na miaka kumi na mitano aliweka nadhiri mbele ya kanisa la misheni kwamba kileo hakitagusa midomo yake, na hakikugusa. Mwaka 1953 aliajiriwa na Ekeblom, ambaye wakati huo alikuwa dosenti, yaani mhadhiri aliyesimama ngazi moja tu chini ya ile ya mwisho, akitazama soli za viatu vya maprofesa.

Kitabu kilichompa udosenti kilikuwa na kurasa mia tano, na kilihusu mashairi ya mazishi ya kale. Kilisomwa na watu saba, watano kati yao kwa kulazimishwa na kazi. Alfhild akawa wa nane. Alilia mara mbili alipokuwa akikisoma, na Dosenti, aliposikia hivyo, aliuliza ni ukurasa gani, akaandika kwenye daftari.

Mkate wa kweli wa Dosenti ulikuwa tafsiri. Kipolandi alijifunza kwa daktari wa meno, mkimbizi wa vita, mzungumzaji mkubwa. Kwa kuwa Dosenti aliyasikia masomo yake yote akiwa amefungua kinywa na hawezi kujibu, alikielewa Kipolandi vizuri ajabu ila hakuweza kuagiza hata chai kwa lugha hiyo. Hata hivyo alitafsiri tamthilia kumi na moja, kisha akajitosa katika riwaya ya kurasa elfu na mia mbili juu ya ukoo wa wakulima wa viazi sukari. Yeye alisimama dirishani akitafsiri kwa sauti, mgongo kwa chumba, na Alfhild akapiga chapa. Saa nne walikula mikate midogo ya iliki na kunywa kahawa.

Sasa, siku hizo kule kwao mtu mzima hakumwambia mtu mzima mwenzake "wewe". Wewe ilikuwa ya watoto, ya ndugu wa damu, ya mbwa na ya Mungu. Wengine wote walitajwa kwa vyeo, kana kwamba wako chumba cha pili. Alfhild, amesimama mbele yake na birika mkononi, aliuliza kama Dosenti atapenda kahawa zaidi, na Dosenti, akimtazama usoni, alijibu kwamba ndiyo, endapo Bi Brolin naye anakunywa.

Njia ya kutoka ilikuwepo. Iliitwa kuweka vyeo kando. Mkubwa humwomba mdogo, glasi za mvinyo huinuliwa, wawili hutazamana machoni, kila mmoja hutaja jina lake, hunywa, na tangu hapo ni mimi na wewe. Lakini mkubwa nani? Alfhild alimzidi Dosenti miaka mitatu, tena ni mwanamke, kwa hiyo Dosenti alimngoja yeye. Dosenti alimzidi kwa elimu, kwa hiyo Alfhild alimngoja Dosenti. Walikwama kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimkaribisha mwenzake atangulie, na kahawa inapoa ndani. Tena palikuwa na ile glasi. Dosenti aliijua nadhiri, na aliona kumwinulia mvinyo Bi Brolin ni sawa na kumtemea mate.

Na Alfhild alimpenda. Hili alimwambia Mungu tu, ambaye aliruhusiwa kumwita wewe, na mdogo wake Elsy, ambaye hakuambiwa bali aliona mwenyewe.

"Hivi nyie mnangoja mfalme aje awatambulishe?" Elsy alimuuliza wakikunja mashuka. "Miaka kumi na minne mnaitana kama karani wa mahakama na mshtakiwa. Mwambie tu, Sixten, nisogezee sukari. Utakufa?"

"Situmii sukari," alisema Alfhild.

"Ndiyo maana mko hivyo."

Mwaka 1967 dunia iligeuka, na haikugeuzwa na Dosenti wala Alfhild. Wakubwa wa ofisi walianza kutangaza kwamba kuanzia Jumatatu wataitwa wewe na kila mfanyakazi. Wanafunzi wakafuata, kisha wauza maziwa. Asubuhi moja ya Novemba tarishi Kjell, kijana wa miaka ishirini, alimwambia Dosenti mlangoni, "Sixten, wewe, tia sahihi hapa." Dosenti alitia sahihi mahali pasipo penyewe. Kisha akarudi dirishani, akasema kwamba kijana ana sauti nzuri.

Alfhild hakucheka. Alikuwa ameshikwa na hofu. Neno alilolingoja miaka kumi na minne sasa liligawiwa milangoni pamoja na barua. Wiki ijayo au mwezi ujao Dosenti naye angeambukizwa, angemwambia wewe kama anavyomwambia Kjell, bila kufikiri, akitafuta miwani, na lingekuwa limekwisha bila kuanza. Jioni ile alipiga magoti na kumwomba Mungu afanye moja kati ya mawili: amfungue Dosenti kinywa upesi, au amfunge kabisa.

Riwaya ilikuwa imekwisha, isipokuwa ukurasa mmoja. Ukurasa wa 734 Dosenti aliuruka miaka miwili nyuma akisema watarudi. Mchapishaji alikuwa amekwisha kuandika barua tatu, ya tatu bila salamu. Katika ukurasa huo, wapenzi ambao kwa kurasa 733 wameitana Bwana na Bibi wanakutana katika ghala la viazi sukari, na mwanamume anamwambia mwanamke wewe kwa mara ya kwanza.

Asubuhi ya pili baada ya ile sahihi, Dosenti alishika nafasi yake dirishani.

"Jadwiga," alisoma, "wewe ndiye niliyekungoja."

Taipureta ililia. Dosenti alisema hapana, Bi Brolin atoe karatasi. "Jadwiga, niliyekungoja ni wewe." Hapana tena. Akaweka wewe mwanzoni, akaiweka katikati, akaiweka mwisho, na kila alipoisema shingo yake ilizidi kuwa nyekundu juu ya kola. Masikio ya Alfhild nayo yaliwaka, lakini vidole vyake havikukosea hata herufi moja. Kwenye karatasi ya sita aliondoa mikono kwenye mashine na kuiweka magotini.

"Dosenti, sentensi hii ina kosa gani?"

"Haina kosa," Dosenti aliliambia dirisha. "Ni kinywa changu. Hakijaizoea."

"Basi kiizoee." Alfhild alisimama. "Mimi ni mkubwa kwa Dosenti kwa miaka mitatu. Kwa haki ya umri naomba tuweke vyeo kando, kabla Kjell hajazimaliza wewe zote mtaani."

Dosenti aligeuka. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kugeuka saa za kazi.

"Lakini Bi Brolin hanywi mvinyo."

"Sinywi."

"Nimekaa miaka kumi na minne nikitafuta pa kupitia hapo," alisema, akaingia jikoni. Vyombo vilisikika vikigongana, kimoja kikavunjika. Alirudi na glasi mbili za mvinyo zenye miguu mirefu, zimejaa hadi ukingoni supu ya matunda ya waridi mwitu, ile nyekundu tamu ya mchana, aliyoikuta baridi kwenye sufuria.

Walisimama wakitazamana machoni kama desturi inavyotaka.

"Sixten," alisema Dosenti.

"Alfhild."

Wakainua. Supu iliyopoa ni nzito, na haikushuka. Walibaki wameinamisha vichwa nyuma, macho kwa macho, wakingoja, mpaka ilipoamua kuja yote kwa pamoja. Dosenti akawa na masharubu mekundu.

"Wewe," alisema, akameza, "una supu puani."

Mchapishaji alipata ukurasa wake wiki hiyo, na wapenzi wa ghalani wakasema walilopaswa kusema.

Walioana majira ya kuchipua katika kanisa la misheni. Huko Sixten alihudhuria maisha yake yote yaliyobaki akiwa na kalamu ya risasi, akisahihisha tafsiri za tenzi pembeni mwa kitabu. Wazee walilalamika mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu waliimba masahihisho yake. Kama aliamini, hakusema. Alfhild alisema mtu hasahihishi barua isiyomhusu.

Mbele za watu waliendelea kuitana Dosenti na Bi Brolin, na wageni wakadhani wamegombana. Wewe waliitunza nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Mwaka 1979 serikali ilimpa jina la profesa kwa heshima, bila kiti na bila mshahara. Barua aliileta Kjell, ambaye sasa alikuwa na kitambi. "Hongera, wewe profesa," alisema. Sixten alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Walikuwa wamempa cheo wakati nchi nzima imekwisha kuvitupa vyeo.

Alifariki Februari 1989, saa tisa mchana, mkono wake katika wa mkewe. Elsy na Alfhild walikwenda kwa mchonga mawe. Makaburini Uppsala kila jiwe lina cheo, hata la mwenye kinu cha kusaga, na Elsy alitaka PROFESA, kwa herufi kubwa, waamuzi wa zamani wapite wasome.

"Sixten tu," alisema Alfhild.

Mchonga mawe alisema kwa upole kwamba jiwe lisilo na cheo huonekana liko uchi.

"Anayemwita huko sasa anamwita wewe," alisema Alfhild. "Vyeo tulikwisha kuviweka kando. Na uache nafasi chini yake."

Nafasi hiyo imejazwa vuli hii. Alfhild amelala wa pili, chini ya Sixten, jina lake moja tu. Atukuzwe Bwana, aliyewapa muda wa kutosha kuamua nani atangulie.