Spika Tano za Kumwita Baba

Nikisimulia haya mtaniona mjinga, na hamtakosea. Lakini juzi fundi redio mmoja sokoni Palma aliunguza kitu, ile harufu ya waya na plastiki ikanipiga puani, nikarudi utotoni palepale, soda mkononi.

Baba alikuwa akikodisha muziki wa harusi: amplifaya moja, spika mbili na betri ya gari. Watu wa kampuni ya gesi walipokuja, akapata kazi kambini kwao, ng'ambo ya ghuba. Muziki ukaingia uvunguni, mimi nikabaki na Bibi, mama yake Baba. Baba aliahidi kuja kila Ijumaa. Mwanzoni alikuja. Halafu ikawa inakuja Ijumaa tu, bila yeye.

Ufukweni niliyaona mabati ya kambi yakimeta. Nikajiambia, mbona karibu! Mtu wa karibu hivyo si unamwita tu?

Basi Ijumaa moja, baada ya alasiri, nikatoa vile vyombo vya muziki uvunguni, nikavipanga uani, spika nikazielekeza baharini, nikashika maiki: "Baba! Njoo, Bibi kapika pweza!"

Watoto wa jirani wakajibu: "Tunakuja sisi!"

Nikaona nguvu haitoshi. Kwa akili yangu, spika ni kama watu wanaovuta wavu: wakiongezeka, kazi inakuwa nyepesi. Nikaleta ya redio mbovu, ya televisheni iliyokufa, na moja ya kuokota. Zote nikazifunga kwenye matundu yaleyale ya amplifaya, waya juu ya waya. Kumbe kila spika inanyonya moto wake humohumo kwenye amplifaya. Anayevutwa ni yeye!

Niliposema "Baba," sauti ilitoka imekwaruza kama ya mzee mwenye kikohozi. Nikafungulia sauti mpaka mwisho. Safari hii niliishia "Ba." Moshi ukatoka, amplifaya ikanyamaza.

Nikalia. Sikuwa na njia nyingine ya kumwita.

Bibi akatoka jikoni na mwiko. Kwa utani wetu aliniita mume wake, nami nilimtishia talaka kila wali ulipoungua. Siku ile talaka sikuwa nayo mdomoni. Akaketi kando yangu, katikati ya nyaya, akatazama kule kwenye mabati kwa muda. Kwamba aliyekuwa kule ni mwanawe, hilo lilinijia nikiwa mkubwa.

"Mume wangu," akasema, "umemwita wa ng'ambo mpaka chombo kimeungua. Na mie nipo hapo jikoni tangu asubuhi, nangoja niitwe hata kwa mdomo."