Wanja Afunga Maji ya Chuo Kikuu

Msimu ule ambao nduma za Wanja Kithaka zilinyauka shambani, nyasi za Chuo Kikuu cha Nthagara zilikuwa kijani kuliko wakati wowote. Maji yalikuwa yale yale. Yalitoka msituni, yakaingia katika mfereji uliochimbwa na akina babu, na kila boma la bonde lile, nje kidogo ya Kianjokoma, likayapata kwa zamu. Kisha chuo kikajengwa juu ya mashamba, kikatia bomba pale mfereji unapoanzia, na zamu ikawa ya chuo usiku na mchana. Mbele ya ofisi za wakuu, vinyunyizio vilizunguka huku jua la adhuhuri likiwaka, vikilowesha hata lami.

Wanja, mjane aliyesomesha watoto kwa nduma hizo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mfereji. Alipanda kilima kwenda kulalamika. Afisa wa majengo, Bwana Mutwiri, hakumpa hata kiti.

"Mama, sisi tuna kibali."

"Na siku ya kuzibua mfereji, mbona hatuwaoni?"

"Chuo ni taasisi, mama. Taasisi haishiki jembe."

Sheria ya mfereji kila mtu bondeni aliijua. Atumiaye maji hutokea na jembe siku ya kuzoa tope. Asipotokea, mlango wake wa maji hufungwa, na haufunguliwi mpaka alete uji wa kuwatosha wachimbaji wote, kisha achimbe nao.

Akishuka, Wanja alimkuta jirani yake Tabby akimngoja njiani. Msimu uliopita alikuwa amemfungia Tabby kwa kukosa siku moja tu.

"Mimi ulinifungia nikiuguza mtoto," Tabby alisema. "Hawa wa juu ni nani, wakwe zako?"

Wanja aliona wazi kwamba akiwaachia wakubwa, hatakuwa na uso wa kumfungia mtu mwingine tena. Kila mmoja atajichotea apendavyo, na mfereji utakufa.

Kulipokucha aliwaita wanawake wa bondeni. Wakapanda kweupe, bila kujificha, wamebeba migomba iliyokatwa na udongo wa mfinyanzi, Tabby akiwa mbele. Wakaliziba bomba la chuo kama wanavyoziba mlango wa mwanachama yeyote. Kabla ya chakula cha mchana, mabomba ya mabweni yalikuwa yakikohoa hewa.

Bwana Mutwiri alifika na askari wa lango. Nyuma yao walikuja wanafunzi na mitungi mitupu.

"Huu ni uharibifu. Naita polisi."

"Waite," Wanja alisema, ameegemea jembe lake. "Waje na vikombe. Adhabu yenu ni uji, kama ya Tabby."

Wanafunzi wakacheka. Kiende, msichana aliyekuwa akisomea kilimo, akamsogelea Wanja kama bibi yake.

"Shosho, ni uji tu?"

"Uji, na mgongo wa kuinama."

"Mgongo ninao." Akamgeukia afisa. "Bwana Mutwiri, kwetu Muthara maji tunayafuata na punda. Hapa mnanyweshea lami."

Bwana Mutwiri alipiga simu kwa sauti kubwa, kisha akawapigia wakuu wake nyingine kwa sauti ya chini.

Jumamosi, uji ulishuka kilimani katika sufuria kubwa za jiko la chuo. Nyuma yake walikuja wanafunzi, wahadhiri, na Bwana Mutwiri mwenyewe amevaa gambuti za mpira zinazong'aa. Tabby ndiye aliyempa jembe.

"Karibu mferejini, mwanachama."

Jua lilipoelekea magharibi, tope lilikuwa limekwisha kuzolewa. Wanja akaingia majini, akaung'oa mgomba wa mwisho kwa mikono yake, na wanawake wakapiga vigelegele vilivyosikika hadi barabarani.

Leo chuo kina zamu yake, kama boma lolote. Vinyunyizio vimeng'olewa. Maji yaliyokwisha kufulia nguo mabwenini ndiyo yanayonywesha nyasi, na nduma za Wanja zimerudi sokoni Kianjokoma, nono.

Lakini bweni jipya linaezekwa sasa hivi, bila gata hata moja ya kuvunia mvua. Enyi wakuu wa chuo, wekeni gata na matangi kabla mvua ya masika haijaanza. Nanyi mnaotoa vibali mkiwa mmeketi ofisini, msitie sahihi kibali kingine kabla ya kushuka bondeni kuwauliza wenye mfereji. Mkija, njooni na majembe.