Mikebe ya Plamu Nyuma ya Jikoni

Kabla sijaanza habari ya miti, ngoja nikwambie kwanza vile baba yangu alivyokuwa mweupe. Cheka tu, lakini ni kweli. Nilikuwa mdogo sana, na tulikaa Kariandusi, baba akichimba ule udongo mweupe mwepesi unaoingia kila mahali. Jioni alikuja mweupe kutoka nywele mpaka vidole vya miguu, macho mawili tu yakionekana, na mimi nililia nikikimbilia kwa mama. Mama alimsimamisha nje akalipiga koti lake kwa kijiti kama mtu anayepura maharagwe. Chai yetu ilikuwa na huo udongo. Ugali ulikuwa na huo udongo. Halafu baba akaanza kukohoa, kikohozi kile kinachokataa kuisha, na mtu wa kwao aliyekamua ng'ombe upande wa Molo akamwambia huko juu hewa ni safi na kazi iko. Tukapanda lori la viazi lililokuwa likirudi tupu. Ndivyo nilivyofika mahali pa hadithi yenyewe. Unaona, naenda polepole lakini nafika.

Sasa, Molo. Baridi ya Molo ya siku zile, rafiki yangu, wewe wa leo huijui. Asubuhi umande ulikuwa umeganda juu ya majani, ukikanyaga unasikia kama unavunja mayai. Shamba lilikuwa la mzungu, kwenye njia ya kwenda Kuresoi, nasi tulikaa kambini, nyumba za udongo zimepangwa mstari, kila moja na kipande cha kulima. Viazi, kabeji, maharagwe, panda upendavyo. Mti, hapana. Sheria hiyo mtu aliijua kabla hajajua njia ya kwenda mtoni. Kabeji unakula inaisha, lakini mti unakaa, na mtu aliyepanda mti kesho atasema hapa ni kwake. Jirani yetu mmoja aliotesha mikaratusi mitatu, akasema ni ya kuzuia upepo tu. Kabla mwezi haujaisha alikuwa barabarani na watoto na kuku wake, anangojea lori. Baba alimwona. Alirudi nyumbani hakula.

Nyanya, mama yake baba, alikuja kwa treni kutoka magharibi wakati mama alipojifungua ndugu yangu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alimwona mtu kama kivuli, lakini mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Ulikuwa msimu wa plamu. Mzungu alikuwa na plamu nyingi nyuma ya nyumba yake, na sisi watoto tulitumwa kuokota zilizoanguka kwa ajili ya nguruwe. Nguruwe walikula kidogo, nitasema ukweli. Mfuko wa gauni langu ulikuwa na doa jekundu lisilotoka kwa sabuni yoyote. Nikampelekea nyanya moja. Akaifyonza, akaitisha nyingine.

"Hii kwetu haiko," akasema. "Mvua zikianza narudi nyumbani, na nitaenda nayo."

Chini ya ile miti kulikuwa na miche iliyojiotea kutoka kwa kokwa za mwaka wa nyuma, mirefu kama kidole. Nikaing'oa kwa kijiti, na udongo wake, kumi na mmoja. Mikebe ya mafuta tuliitoa kwenye shimo la takataka la jikoni kwa mzungu. Baba alipoona ninaitoboa kwa msumari, aliweka kofia chini.

"Mama, unataka tulale barabarani?"

"Nani amepanda?" nyanya akamuuliza. "Mti ulio ndani ya mkebe haujapandwa. Uko safarini, kama mimi."

Baba alikuwa mtu wa kuogopa, lakini huyo alikuwa mama yake. Akasema basi, ila ikae nyuma ya jikoni.

Kuilea ikawa kazi yangu. Niliimwagia maji ya kuoshea mboga, nikaweka jivu kidogo kwenye shina kwa sababu ya wadudu, na jioni nilifunika yote kwa gunia ili baridi isiichome. Asubuhi nilipofunua gunia kulitoka harufu ya udongo wenye joto, harufu ambayo ningeinunua kama ingeuzwa. Na kila Jumamosi nilitakiwa kuinua kila mkebe na kuuzungusha. Nyanya alinieleza mara mia. Mzizi hutoka kwa lile tundu la chini, unaingia ardhini, na ukishaingia ule mti si wa safari tena, umepandwa. Kwa hivyo unainua, ule mzizi mdogo unakatika, mti unabaki mgeni.

Jumamosi za kwanza niliinua. Halafu vidole viliuma kwa baridi, tena nilikuwa nabeba mtoto mgongoni, tena wenzangu walikuwa wanacheza. Nyanya aliuliza, "Umeinua?" Nikamjibu, "Nimeinua, nyanya." Hangeweza kuona. Nilimdanganya Jumamosi nne, labda tano.

Basi nyapara wa shamba akaja. Alikuwa mtu mrefu wa koti la kijeshi na filimbi shingoni, na akisimama mlangoni kwako hata kuku walinyamaza. Ilikuwa saa sita mchana, baba ametoka kukamua, tunataka kula. Nyapara hakukaribia chakula. Alipita moja kwa moja nyuma ya jikoni, nyanya alikokuwa ameketi, sisi tukamfuata.

"Mama mzee," akasema, "naona umefungua shamba lako hapa."

"Shamba gani, mwanangu? Hiyo ni mizigo yangu."

"Mizigo inamwagiwa maji?"

"Na wewe ukisafiri hunywi maji?"

Mama alitaka kucheka akajizuia. Nyapara hakucheka.

"Mzigo hauwezi kushika ardhi," akasema. "Nitainua. Ukiinuka, ni mzigo. Ukishika, umepanda, na huyu kijana wako anajua njia ya barabarani."

Nilikuwa najua kilicho chini ya ile mikebe, na ni mimi peke yangu niliyejua. Nyanya alikuwa ametulia kabisa, mikono kwa magoti, kwa sababu aliniamini. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko filimbi.

Mkebe wa kwanza ulikuwa juu ya jiwe. Ukainuka kama kikombe. Nikapumua. Akashika wa pili, haukutoka. Akauvuta, haukutoka. Akainama, akashika kwa mikono miwili, na sote tukasikia kitu kikikatika chini, krrr, kama kitambaa kinachochanika. Akaugeuza. Mzizi mweupe ulikuwa unaning'inia kwa lile tundu, mrefu kama kiganja changu. Baba alivua kofia akaishika kifuani.

Nyanya akageuza uso upande wa ile sauti. "Umeinuka, mwanangu?"

Nyapara aliangalia ule mzizi muda mrefu. Akaniangalia mimi. Akamwangalia nyanya.

"Umeinuka, mama."

Juzi mjukuu wangu aliniletea miche ya parachichi kwa mifuko ya plastiki nyeusi, na mizizi imetoka chini, nikaanza kuizungusha mpaka akaniuliza nafanya nini. Hakuna anayejua hiyo kazi sasa. Ile kambi haiko, shamba lilikatwa vipande vipande, na miti ya plamu ya mzungu ilikuwa kuni kabla sijaolewa. Nyanya aliondoka mvua zilipoanza, mikebe yake ndani ya kikapu. Tulisikia miwili ilishika huko kwao, haikuzaa sana, kule ni joto. Akafa bila kuniuliza, na mimi bila kumwambia. Lakini tulikaa pale kambini miaka mingine mingi. Baba hakulala barabarani hata siku moja, na mpaka leo nikiikumbuka siku ile nashusha pumzi kama mtu aliyetua mtungi.

Lakini nimemwacha nyapara amesimama pale na mkebe mkononi. Hakuurudisha chini. Aliukunja ule mzizi vizuri kwa kidole, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, akaingiza mkebe ndani ya koti lake la kijeshi, akafunga vifungo viwili. Baba akasema, "Karibu chakula, mzee." Nyapara akakata kona ya jikoni, akashika njia ya nyumba yake kule juu, mkono mmoja umeshika tumbo la koti. Nyuma ya jikoni yetu hakurudi tena.