Muuza Vepu Anusaye Vidole

Muuza vepu, zile sigara za umeme, wa karibu na stesheni ya Voi haulizi mteja anataka nini. Husema, "Lete vidole," akavinusa polepole, kama mpishi anayemshuku mwenzake. Dereva wa lori akinuka sigara, humchagulia kifaa chepesi chenye nikotini ya kiasi, akimwonya asikichaji kitandani na sigara azitupe, maana mshika mbili moja humponyoka.

Jana alikuja Mwelu, mwanafunzi wa chuo. "Boss, nipe ya kuanzia, ile salama. Ya ladha ya stroberi."

Akamnusa. "Sabuni na kimanga cha maharage ya kupondwa. Wewe hujavuta hata moshi wa kuni! Ya kwako salama ni hewa ya mlima Vuria, na haihitaji chaja."

"Hosteli nzima wanavuta. Mimi tu ndiye mshamba!"

"Mshamba mwenye mapafu."

Mwelu akaudaka mkono wa yule mzee muuzaji kabla hajauficha, akaunusa. "Ala! Na wewe? Unanuka sigara kuliko jalala!"

Mzee alitaka kujitetea, lakini kikohozi kikamwahi, kirefu, kikatikisa vioo vya kabati. Mwelu aliuachia ule mkono, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni.

"Umekisikia hicho kikohozi?" mzee akamwita, akijifuta machozi. "Hiyo ndiyo stroberi yenyewe, mwanangu."